Kamera inasema 30.09, kalipa inasema 30.00: tumwamini nani?

Swali, kutoka kwa msimamizi wa ukaguzi wa ubora katika kiwanda cha vifuniko vya chupa, Dar es Salaam:

Shikamoo Mhandisi. Tunatengeneza vifuniko vya plastiki vya chupa za maji kwa mashine ya injeksheni yenye moldi ya matundu 32, yaani nafasi 32 ambazo kila moja hutoa kifuniko kimoja, na kila mzunguko unachukua sekunde 6. Kwa sasa tunachukua vifuniko vitano kila saa na kuvipima kwa kalipa, kile kifaa cha mkono chenye mataya mawili, katika chumba cha ukaguzi chenye kiyoyozi. Uongozi unataka kununua mfumo wa kamera wa kupima kila kifuniko kikiwa juu ya mkanda, na muuzaji anasema mfumo wake una usahihi wa mikroni 5 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Tumeufanyia majaribio ya wiki moja. Kipenyo cha nje cha ukanda wa usalama, ambacho mchoro unataka kiwe 30.00 mm na kuruhusu 0.15 juu au chini, kamera inakisoma kuwa kikubwa kuliko kalipa kwa 0.09 mm asubuhi na 0.12 mm mchana. Je, ipi ni kweli? Na je, tununue?

Jibu

Marahaba. Umefanya vizuri kuniletea namba, kwa sababu namba zako zenyewe zina sehemu kubwa ya jibu. Nitaanza na tofauti ya vipimo, halafu nije kwenye mikroni 5 za muuzaji, na suala la kununua nitaliacha hadi mwisho, kwa kuwa ukijibu hilo kwanza utakuwa umenunua kabla ya kujua unachonunua.

Kuna jambo ambalo katika maonyesho ya mauzo hupitwa haraka sana: kamera haipimi kifuniko. Inapima mpaka kati ya mwanga na giza ambao kifuniko kimeuchora kwenye kihisio chake. Programu inautafuta mpaka huo, inahesabu pikseli kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha inazidisha hesabu hiyo kwa thamani ya pikseli moja kwa milimita. Kila kinachouhamisha mpaka huo, iwe taa, rangi ya plastiki, urefu wa kifuniko au jua la saa saba, kitaonekana kwenye skrini kama badiliko la kipenyo, hata kama kifuniko hakijabadilika hata chembe.

Kalipa nayo si shahidi asiye na doa. Ukanda wa usalama, ile sehemu nyembamba inayobaki shingoni mwa chupa mtu anapoifungua, ni laini kuliko sehemu nyingine yoyote ya kifuniko. Mataya ya kalipa yakiugusa yanauminya, na kiasi cha kuuminya kinategemea kidole gumba cha anayepima. Fanya jaribio hili leo hii: chukua kifuniko kimoja, wape wakaguzi watatu wakipime mara tano kila mmoja bila kuonyeshana majibu, na uwaambie wazungushe kifuniko kidogo kila mara. Nimelifanya mara nyingi kwa sehemu nyembamba za plastiki, na sitashangaa ukiona majibu yakitawanyika kwa zaidi ya 0.1 mm, na karibu yote yakielemea upande wa udogo. Humo mna mambo mawili yaliyochanganyika. La kwanza ni huko kuminya. La pili ni kwamba kifuniko si duara kamili. Kina umbo la yai kidogo, na kalipa inagusa pointi mbili tu, wakati kamera inachukua mamia ya pointi kuzunguka ukingo wote na kutafuta duara linalozifaa zote kwa wastani. Muulize muuzaji programu yake inatumia duara gani: la wastani, au lile dogo kabisa linaloweza kukizunguka kifuniko chote. Kwa kifuniko chenye umbo la yai, maduara hayo mawili hutoa vipenyo tofauti, na yote ni halali. Mchoro wako ndio unaopaswa kusema lipi linatakiwa, na kama mchoro uko kimya, muulize mteja mwenye chupa kabla hamjagombana na kamera.

Kwa hiyo sehemu nzuri ya ile 0.09 ya asubuhi naiweka upande wa kalipa. Nyongeza ya 0.03 inayotokea mchana ni habari nyingine, na hapo nina washukiwa wawili.

Mshukiwa wa kwanza ni joto. Tangu mwaka 1931 dunia ilikubaliana kwamba vipimo vya urefu viwandani vitajwe kwa nyuzijoto 20 za Selsiasi, na leo kiwango cha kimataifa cha ISO 1 kinasema hivyo hivyo. Fundi wa chuma anaweza kulisahau jambo hili kwa muda na asiumie sana, kwani chuma cha kawaida hurefuka takriban mikroni 11.5 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja, na kipande cha milimita 30 kikipata joto la nyuzi 10 zaidi kitaongezeka mikroni tatu na kitu. Polipropilini, plastiki inayotumika sana kwa vifuniko, hurefuka takriban mara kumi ya hapo. Kifuniko chako cha milimita 30 kinaongezeka mikroni tatu au nne kwa kila nyuzi moja. Kikipita mbele ya kamera kikiwa na nyuzi 45, kisha kikapimwa na kalipa chumbani kwenye nyuzi 24, tofauti ya nyuzi 21 inakuletea mikroni 70 hivi, yaani karibu nusu ya 0.15 uliyoruhusiwa. Mchana, maji ya kupoozea moldi yanapokuwa na joto zaidi, kifuniko kinatoka kikiwa na joto zaidi, na kamera inakiona kikubwa zaidi. Hapo kamera inasema kweli, ila inasema ukweli wa kifuniko cha moto. Zaidi ya hayo, plastiki ya aina hii huendelea kunywea taratibu kwa saa kadhaa baada ya kutoka kwenye moldi, wakati chembe zake zikijipanga, kwa hiyo kifuniko cha dakika mbili na kifuniko hicho hicho kesho yake ni vitu viwili. Amueni rasmi ni umri gani wa kifuniko unaopimwa. Kisha, kama lazima kipimwe kikiwa cha moto, tafuteni tofauti yake na kipimo cha siku ya pili kwa majaribio yenu wenyewe, tundu kwa tundu, badala ya kuchukua kizidisho cha kwenye kitabu.

Mshukiwa wa pili ni jua. Viwanda vyetu vingi vina mabati angavu darini ili kuokoa umeme wa taa, na saa sita hadi saa tisa mwanga unaoshuka hapo ni mkali mno. Ukiongezeka juu ya taa ya mfumo, mpaka wa mwanga na giza unasogea. Kipimo cha kumkamata mshukiwa huyu hakigharimu chochote: saa saba mchana weka kifuniko kimoja chini ya kamera, kisimame bila kusogea, soma namba, funika kamera na taa kwa boksi la katoni, soma tena. Namba ikibadilika, mfumo huo unahitaji kibanda cha kuufunika na kichujio mbele ya lenzi kinachopitisha rangi ya taa yake tu. Ikibaki pale pale, rudi kwenye joto.

Kuna mshukiwa wa tatu ambaye hukumtaja, lakini siku mtakapobadilisha rangi atajitokeza. Plastiki nyeupe hupitisha mwanga kidogo, hasa kwenye ukingo mwembamba. Taa ikiwa nyuma ya kifuniko, mwanga unapenya ukingoni na kuula mpaka, kifuniko kinaonekana kidogo kuliko kilivyo. Cha buluu nzito kinauzuia mwanga na kinaonekana kwa ukubwa wake. Kiwandani nilikokuwa zamani tuliwahi kusimamisha mashine nusu siku tukitafuta kosa la moldi baada ya kutoka nyeupe kwenda buluu, kumbe moldi haikuwa na kosa lolote. Kinachochanganya zaidi ni kwamba baadhi ya rangi za buluu na kijani kweli hubadilisha jinsi plastiki inavyonywea, hasa polithini nzito, kwa hiyo huwezi kusema moja kwa moja kwamba kamera imekosea. Njia ya kutenganisha mambo haya ni kuchukua kifuniko cheupe, kukipima kwa kamera, kukipaka ukingo wote wino mweusi wa kalamu ya maka, na kukipima tena. Wino huo una unene mdogo mno kuweza kukusumbua. Namba ikipanda kwa kiasi cha kuonekana, ulikuwa unapima mwanga.

Sasa zile mikroni 5. Muulize muuzaji: mikroni 5 za nini? Tuseme kihisio cha kamera yake kina pikseli 2,448 kwa upana, na eneo linaloonekana lina upana wa milimita 40. Pikseli moja ni mikroni 16. Programu nzuri huweza kukadiria mpaka ndani ya sehemu ya pikseli, kwa kuangalia jinsi weupe unavyofifia kuwa weusi, hivyo mikroni 5 inawezekana kabisa kuwa ni hatua ndogo zaidi ambayo mfumo unaweza kuitofautisha. Hiyo ni uwezo wa kutofautisha. Usahihi ni kitu kingine, na kuna umbali mrefu kati ya hivyo viwili.

Umbali huo mara nyingi uko kwenye lenzi. Lenzi ya kawaida huona kitu cha karibu kikiwa kikubwa na cha mbali kikiwa kidogo, kama macho yetu. Ikiwa lenzi iko milimita 200 juu ya mkanda na kifuniko kikaruka milimita 1 tu kwa sababu ya kiungio cha mkanda, ukubwa wake kwenye picha unabadilika kwa nusu asilimia. Nusu asilimia ya milimita 30 ni 0.15 mm. Ruhusa yako yote upande mmoja imekwisha kwa kuruka kidogo, na hakuna programu ya pikseli itakayokuokoa. Dawa yake ni lenzi ya telesentriki, ambayo hupokea miale iliyo sambamba tu, na kwa hiyo ukubwa wa kitu haubadiliki kikisogea juu au chini ndani ya masafa yake ya kazi. Utaitambua kwa macho: lazima kioo chake cha mbele kiwe kipana kuliko kitu kinachopimwa, kwa hiyo kwa kifuniko cha milimita 30 ni lenzi nene kama kikombe, nzito, na bei yake inauma. Kama lenzi uliyoonyeshwa inaenea kwenye kiganja na kioo chake kina upana wa sarafu, hiyo si telesentriki, na mikroni 5 zisahaulike.

Angalia pia jinsi muuzaji anavyohakiki mfumo wake. Wengi hutumia kioo bapa kilichochorwa miduara ya kromu, ambacho ni kifaa kizuri, lakini hakina kimo. Kikilazwa juu ya mkanda kitatoa namba nzuri ajabu, ilhali ukanda wa usalama wa kifuniko chako unaweza kuwa milimita kumi na kitu juu ya mkanda huo. Dai mfumo uhakikiwe pia kwa kisahani cha chuma chenye kipenyo karibu na 30 mm na kimo sawa na cha ukanda wako, kilichopimwa na maabara ya ugezi, yaani ya sayansi ya upimaji, na kupewa cheti. Maabara ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) pale Ubungo ndiyo ya kuiuliza kwanza kwa kazi hiyo. Wakala wa Vipimo kazi yao kubwa ni vipimo vya biashara, mizani na pampu za mafuta, kwa hiyo kwa jambo hili usipoteze siku huko.

Na mwendo usisahauliwe. Mkanda ukienda nusu mita kwa sekunde na kamera ikafungua jicho kwa milisekunde moja, kifuniko kitakuwa kimesogea nusu milimita wakati picha inapigwa, na ukingo utakuwa umepakazwa kama rangi mbichi iliyopitishiwa kidole. Taa inayomweka kwa mikrosekunde 20 inapunguza mpakazo huo hadi mikroni 10. Nimewahi kuona mfumo uliofanya vizuri kabisa kwenye meza ya maonyesho na ukashindwa kwenye mkanda kwa sababu hii moja tu.

Kabla sijafika kwenye ununuzi, nikukumbushe kisa kinachojulikana sana katika fani yetu, kwa sababu nahisi uongozi wako unaelekea kuiamini kamera kwa kuwa ni ya bei kubwa. Kioo kikuu cha darubini ya anga ya Hubble, chenye upana wa mita 2.4, kilisuguliwa nchini Marekani kwa kuongozwa na kifaa cha kupimia kwa mwanga kilichohesabiwa kuwa bora kuliko vyote vilivyokuwapo. Ndani ya kifaa hicho lenzi moja ilikaa 1.3 mm mbali na mahali pake. Kifaa kilikuwa kikirudia jibu lile lile kwa uaminifu mkubwa, kwa hiyo kioo kikasuguliwa kwa umakini wa hali ya juu kufuata umbo lisilo sahihi, na ukingo wake ukawa bapa kupita kiasi kwa mikroni 2.2 hivi. Vifaa vingine vya kukagulia vilionyesha kwamba kuna kasoro. Havikusikilizwa, kwa kuwa vilidhaniwa kuwa duni, na darubini ikarushwa Aprili 1990 na kuanza kuleta picha zenye ukungu, hadi wanaanga walipokwenda kuifungia vifaa vya kuirekebisha Desemba 1993. Wewe una kalipa inayobishana na kamera. Usiitupe kalipa hadi umejua kila moja inapima nini.

Sasa, mnunue? Hebu tazama hesabu ya mashine yako kwanza. Matundu 32 kila sekunde 6 ni vifuniko 19,200 kwa saa, nanyi mnapima vitano. Mbaya zaidi, kila tundu la moldi ni kama kiwanda chake: lina njia yake ya kupoa, uchakavu wake, na mlango wake wa kuingizia plastiki unaoweza kuziba. Kwa vifuniko vitano kwa saa, hata mkivichagua kwa zamu bila kurudia, mnahitaji zaidi ya saa sita kuyaona matundu yote mara moja, na mkiokota tu kutoka kwenye boksi, kuna matundu ambayo hayataonekana siku nzima. Kosa hili halitibiwi na kamera ya kupimia. Linatibiwa kwa kuchukua mzunguko mzima, vifuniko vyote 32, mara moja au mbili kwa kila shifti, na kuandika kila kipimo mbele ya namba ya tundu lake, ambayo kwa kawaida imechongwa ndani ya kifuniko. Mkianza hilo kesho, bila kununua chochote, mtajifunza kuhusu moldi yenu zaidi ya mlivyojifunza mwaka mzima.

Baada ya hapo ushauri wangu ni kuzigawa kazi mbili ambazo muuzaji amezifunga kwenye kifurushi kimoja. Kukagua kasoro, yaani kifuniko ambacho plastiki haikujaa, ukanda uliokatika, doa jeusi, umbo lililopinda vibaya, ni kazi ya kamera juu ya mkanda, na inaifanya vizuri kuliko jicho la mtu yeyote baada ya saa mbili za kukodoa. Kwa kazi hiyo lenzi ya kawaida na taa nzuri vinatosha, na bei inashuka sana. Kupima kipenyo kwa ajili ya kukubali au kukataa dhidi ya 0.15 ni kazi ya meza: kamera moja yenye lenzi ya telesentriki na taa ya miale sambamba, ndani ya chumba chenu cha ukaguzi, vifuniko vikiwa vimetulia kwa muda mliokubaliana. Mmoja huweka vifuniko 32 vya mzunguko mmoja, na kazi inaisha kwa dakika chache, bila kidole gumba cha mtu. Kama fedha zinatosha kitu kimoja tu, mimi ningeanza na meza, ingawa najua uongozi hupenda kitu ambacho mgeni akitembelea kiwanda atakiona kikimweka juu ya mkanda.

Vyovyote mtakavyoamua, malipo ya mwisho yafungwe kwenye jaribio litakalofanyika kwenu, kwa vifuniko vyenu. Chagueni vifuniko 10 kutoka matundu tofauti, vya rangi zote mnazotumia, wakaguzi watatu wapime kila kimoja mara tatu, nusu asubuhi na nusu mchana. Mtawanyiko unaotokana na upimaji wenyewe ulinganishwe na ruhusa yako yote, ambayo ni 0.30 mm. Desturi inayotumika sana, iliyoanzia kwenye viwanda vya magari, husema chini ya asilimia 10 ni mfumo mzuri, kwako wewe ni 0.03 mm, kati ya asilimia 10 na 30 unavumilika kwa sababu maalumu, zaidi ya asilimia 30, yaani 0.09 mm, haufai. Pima hivyo hivyo kwa kalipa, ili ulinganishe vyote kwa mzani mmoja. Kisha, shaka yoyote itakayobaki kwenye kipimo, muitoe kwenye ruhusa yenu wenyewe mnapokubali mzigo: mkibaki na shaka ya 0.03, mpaka wenu wa ndani uwe 0.12, na kifuniko cha 30.13 msikipitishe kwa kusema kiko ndani ya mchoro. Hiyo ndiyo kanuni ya msingi ya kiwango cha ISO 14253-1 kwa mtengenezaji anayetaka kuthibitisha kwamba bidhaa yake inafaa.

Kuhusu kisahani cha chuma, kikishapata cheti kisiachwe juu ya mkanda wala kisitumike kufungulia makopo ya rangi, kama nilivyokikuta kimoja. Kipakwe mafuta mepesi kabla ya kurudishwa kwenye boksi lake, kwa kuwa unyevu wa Pwani hukila chuma haraka, na kifutwe vizuri kabla ya kupimwa. Kipime kila mwanzo wa shifti, baada ya taa kuwa imewaka nusu saa, na uandike namba kwenye daftari pamoja na joto la chumba. Daftari hilo likifikisha mwezi mmoja, niletee nakala pamoja na matokeo ya boksi la katoni na ya wino mweusi, nami nitakuambia ni kiasi gani cha 0.09 yako kilikuwa kidole gumba na kiasi gani kilikuwa joto.